Kibanda cha Mabati: Nondo ya Ethi Peke Yake Haitoshi

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Kama unaishi Goma, mashariki mwa Kongo, unavijua vibanda vya mabati vya kuchajia simu, vya kinyozi na vya kuchomelea vyuma. Mara nyingi umeme wake huvutwa kwa waya kutoka nyumba kubwa. Leo tunaeleza kwa nini bati linaweza kumpiga mtu shoti, na jinsi ya kuzuia.

Bati lina makali. Waya uliopitishwa kwenye tundu bila kufunikwa husuguliwa hadi ganda lake likachunika. Hapo kibanda kizima, kuta na mlango, kinashika umeme. Mvua ikinyesha, mteja aliye pekupeku akigusa mlango, umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini.

Wengi hupiga nondo ya ethi kando ya kibanda wakaona kazi imekwisha. Tupige hesabu. Umeme ni volti 220. Nondo ikiwa na ukinzani wa omu 50, unaopita ni ampea 4.4 tu, karibu sawa na pasi ya nguo. Swichi ya kujikata ya ampea 16 haistuki, na bati linabaki na umeme. Goma ni vigumu zaidi, kwa sababu mitaa kadhaa imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo iliyoingia mjini Januari 2002. Nondo haizami kwa urahisi, na jiwe hilo halipitishi umeme vizuri.

Basi mwombe fundi wa umeme afanye haya:

Kwanza, kwenye nyumba kubwa, waya wa kibanda unapoanzia, afunge swichi ya usalama inayohisi umeme unaovuja. Dukani utaiona imeandikwa 30 mA. Hiyo hukata umeme mara moja, hata nondo ikiwa dhaifu.

Pili, avute waya wa nyuzi tatu. Ule wa kijani na njano ni wa ethi pekee. Aukaze kwa bolti kwenye chuma cha kibanda, baada ya kukwangua rangi na kutu, na upande wa pili auunge na ethi ya nyumba.

Tatu, waya upite ndani ya bomba la plastiki kila unapovuka bati. Usilazwe juu ya paa wala kufungwa kwenye uzio wa mabati.

Nawe, kila mwezi bonyeza kitufe cha majaribio, chenye herufi T. Swichi isipojikata, mwite fundi.

Na ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimshike. Zima swichi ya nyumba kubwa kwanza, ndipo umsaidie na kumkimbiza hospitali.

Ukisikia bati linakutekenya vidole, usingoje mvua. Zima leo. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia)