Nyimbo za Mchi katika Nchi Isiyo na Bahari

Bandari iliyo jirani na mji wa Kagongwa, huko Kahama, haina maji. Ni Isaka, bandari kavu, ambako mizigo iliyotoka Dar es Salaam kwa reli hupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Hata maji ya Ziwa Victoria yalifika Kagongwa kwa bomba, mradi uliozinduliwa Januari 2021. Mwezi huohuo, kwa sadfa tu, watu mitandaoni walikuwa wakiimba “Wellerman”, wimbo wa kale wa wavua nyangumi wa New Zealand uliovumishwa na kijana wa Scotland, Nathan Evans.

Bibi wa Kisukuma akisikilizishwa nyimbo za mabaharia, lugha itampita lakini mpangilio ataujua. Mmoja anaanza, wengi wanaitikia, na kwenye kiitikio ndipo nguvu inapotolewa. Mabaharia waliimba hivyo wakivuta kamba za tanga au kung’oa nanga, kazi isiyokwenda mikono isipovuta kwa pamoja. Wale walikuwa wanaume. Wanawake wanaoziimba leo huko Uingereza wamezipokea wakati kazi yenyewe imeshakufa. Usukumani wimbo wa kinu ulikuwa mali ya wanawake tangu hapo, wala hawakuurithi kwa mtu.

Kinu kimoja huweza kutwangwa na wanawake wawili, hata watatu. Mchi wa kwanza unaposhuka wa pili uko hewani, na anayechelewa kidogo tu anagonganisha michi au kuwamwagia wenzake mtama. Wimbo ndio unaogawa zamu. Anayeanzisha si lazima awe na sauti nzuri. Anatakiwa ajue pumzi za wenzake, aone nani amechoka, arefushe mstari ili mkono upate kupumua. Stadi huurusha mchi, akapiga kofi moja, akaudaka bila kupoteza zamu. Maneno ni ya papo hapo: mume mvivu, mawifi, mvua iliyokawia. Jambo ambalo mke hawezi kumwambia mama mkwe uso kwa uso lilipita kinuni likiwa limevaa nguo ya wimbo, na mama mkwe, akiwa na akili, aliitikia.

Shambani kulikuwa na utaratibu mkubwa zaidi. Vikundi vya kulima vilikwenda na ngoma, majembe yakashuka kwa mdundo. Ndiyo bugobogobo ambayo leo huchezwa jukwaani, majembe yakirushwa na kudakwa. Mtunzi na kiongozi wa nyimbo huitwa ningi, na maningi mashuhuri wanaotajwa wengi ni wanaume. Sishangai. Ningi aliimba mbele ya umati, chama cha ngoma cha Bagika kikishindana na cha Bagalu, na jina lake likasafiri. Wimbo wa kinu haukuvuka ua, kwa hiyo mtunzi wake hakupata sifa.

Ziwani, upande wa Geita, hali ni nyingine kabisa. Jamii nyingi za wavuvi zilimkataza mwanamke kupanda mtumbwi wa kuvulia, eti ataleta mkosi. Yeye alingoja ufukweni: kununua dagaa, kuwaanika mchangani, kuwasafirisha. Nyimbo za makasia zikabaki kwa wanaume.

Meli za mvuke ziliwanyamazisha mabaharia, kwa kuwa injini haihitaji kiitikio. Kagongwa kazi hiyo ya kunyamazisha ilifanywa na mashine za kukobolea mpunga, ambazo ndizo zilizoujengea mji huu jina. Magunia yanaingia, mchele unatoka, na kelele zake hazimruhusu mtu kusikia hata salamu. Simlaumu mama yeyote aliyekiacha kinu. Kutwanga kunaumiza mabega, na wanaokisifu sana mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kutwanga debe moja.

Lakini kuanza na kuitikia hakukwenda na kinu. Kumehamia harusini, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, na zaidi kanisani. Kanda hii ina kwaya nyingi, na kutoka Kahama wamevuma Zabron Singers kwa “Mkono wa Bwana”. Katika kwaya za vijijini utamkuta mama mmoja akitangulia na wenzake wakimpokea, miguu ikikanyaga pamoja kama ilivyokanyaga uani. Mwendo tu ndio umebadilika. Sasa unashikwa na kinanda, na ni wa kasi ambayo mwenye mchi asingeiweza.