Safari ya Bukoba kwa Asiyekula Ngano

Wanachama wetu kadha wa kadha wamefunga safari kwenda Bukoba na Muleba kutazama wenzetu wa bara wanavyoendesha ushirika wa kahawa, ambao chama chake kikuu kiliundwa tangu mwaka 1950. Miongoni mwa waliokwenda yumo ndugu yetu mmoja mwenye maradhi ya siliaki. Kwa idhini yake twaeleza hapa namna alivyokula, maana huenda katika nyumba za wanachama wetu wamo wagonjwa kama yeye wasiojijua.

Maradhi haya hayaambukizi. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni, nayo ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila ya kukatika. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe, na chakula kikawa hakimfai tena. Huharisha, hukonda, hupungukiwa na damu, mtoto hudumaa. Watu hudhani ni minyoo. Tabibu wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyethibitisha kwamba ngano ina makosa. Wakati wa njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate uliadimika, na watoto wagonjwa wakapata nafuu. Hapana dawa ila kuacha nafaka hizo maisha yote. Lakini anayeshuku asiache ngano kabla ya kupimwa damu, kwani akiiacha, kipimo chaweza kudanganya.

Sasa, kwa mgonjwa wa namna hii, Bukoba ni nchi ya neema kuliko visiwa vyetu vyenye bofulo, tambi na bokoboko. Mhaya hula ndizi. Humenywa mbichi, zikapikwa katika chungu kimoja na maharage, au kwa nyama, au kwa samaki wa Ziwa Victoria, na katika chungu hicho ngano haina kazi. Muhogo, magimbi, viazi vitamu, wali, ugali wa mahindi, sato wa kuchemsha, vyote ni salama. Hata senene, wale wadudu wa jamii ya panzi wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, hawana neno. (Ndugu yetu aliwatazama sana kabla ya kuthubutu. Alipoonja aliomba tena.)

Hatari haimo chunguni, imo kwenye karai. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi asubuhi ndiyo hayo hayo yatakayokaangia chipsi mchana, na samaki jioni. Moto hauiui gluteni. Kadhalika samaki huweza kuchovywa katika unga wa ngano kabla ya kukaangwa, na mchuzi wa hotelini pengine hutiwa kijiko cha unga huo upate kuwa mzito. Basi ndugu yetu alikuwa akiuliza mambo mawili: kimepikwa na nini, na ndani ya mafuta gani. Jibu likisitasita, aliagiza ndizi za kuchemsha na mayai ya kuchemsha.

Uji nao una mtego. Uji wa ulezi mtupu ni mwema, ila ule wa unga wa lishe huchanganywa nafaka nyingi, na mara nyingi ngano imo.

Zito zaidi kuliko yote lilikuwa heshima. Mgeni akifika Muleba asubuhi huletewa chai na chapati za moto, na mama mwenye nyumba yumo mlangoni anatazama. Ukisema "sili ngano" atadhani ni kuchagua tu, akuletee tambi. Ndugu yetu alijifunza kusema hivi: "Mama, ahsante sana, lakini nina maradhi ya tumbo. Chapati, andazi, mkate, tambi na biskuti, hata kipande kidogo, vinaniumiza. Nipe ndizi yako nitashiba." Akisikia maradhi, hakuna aliyenung'unika. Na akikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani kisha zikakaushwa, aliipokea kwa furaha. Hiyo ndiyo karibu ya Wahaya tangu zamani, wala haina ngano.

Njiani ndiko penye taabu. Basi la kutoka Dar es Salaam huenda zaidi ya kilomita 1,300, na vituo vyake vimejaa sambusa na chipsi. Chukua muhogo wa kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, na sahani na kijiko chako. Mwenye kutumia dawa amwulize muuza dawa kama vidonge vyake vina wanga wa ngano.

Maneno yale ya kumwambia mpishi tumeyapiga chapa katika karatasi ndogo ya kutia mfukoni. Mwanachama anayeihitaji afike ofisini siku za kazi, hailipiwi.