Ziwa Si Bahari: Kwa Wanachama Wanaotaka Kuhamia Mwanza



Tangu kumalizika mavuno yaliyopita, ofisi ya chama imepata maulizo ya namna moja kutoka matawi mbalimbali. Mwanachama ana kijana wake Mwanza, anauza nguo au vipuri vya baiskeli, na kijana ameleta khabari kwamba riziki ipo, basi baba amlete mama na wadogo zake wakae huko pamoja. Wengine wameuliza kama chama kitawakopesha juu ya karafuu za msimu ujao wapate kununua kiwanja. Suala la mkopo ni la Kamati, nami silitii mkono hapa. Lakini karibu kila aliyeuliza amesema anataka kiwanja karibu na maji kabisa, kama kwetu. Juu ya neno hilo, "kama kwetu", ndipo napenda tuzungumze, maana linaweza kumgharimu mtu nyumba, na pengine afya ya mtoto.

Mtu wa Pemba amezaliwa akisikia maji. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili katika usiku na mchana wake, na kila mmoja wetu, hata asiyevua, anajua kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Kwa hivyo wazee walipojenga ufukoni walikuwa na kalenda juu ya vichwa vyao. Waliona maji ya bamvua kubwa yamefika mkoko gani, wakaweka msingi nyuma yake, na mambo yakakaa hivyo kwa baba, mwana na mjukuu.

Ziwa Victoria halina kalenda hiyo. Liko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,134, na kupwa na kujaa kwake ni kudogo hata mtu hakuoni kwa macho. Mgeni akisimama ufukoni asubuhi, akarudi jioni, akarudi tena baada ya wiki, huyaona maji yako pale pale, akafikiri ndivyo yalivyo daima. Sivyo. Ziwa hupanda na kushuka kwa miaka, si kwa saa. Baina ya 1961 na 1964 liliinuka zaidi ya mita mbili, likameza mashamba na nyumba katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka sana, hata vyombo vikatatizika kufika gatini, na watu wakaona ardhi mpya imejitokeza. Kisha mwaka 2020 likapanda tena hadi kukaribia alama za 1964, na 2024 likainuka mara nyingine. Waliojenga kwenye ile ardhi iliyojitokeza walipata majibu yao.

Sababu yake si siri. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, si ya mito, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile, pale Jinja nchini Uganda, ambako tangu 1954 pana bwawa la umeme. Ikija miaka miwili au mitatu ya mvua nyingi mfululizo, maji yanayoingia huzidi yanayotoka, na ziwa halina budi kupanda. Mwezi hauhusiki. Mvuvi wa mwaloni (mwalo ndilo jina la bandari za wavuvi huko) naye hutazama mwezi kama sisi, lakini hutazama apate kujua usiku wa giza wa kuvulia dagaa kwa taa.

Na hata kama ziwa lingetulia, iko sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Mita 60 ni kama hatua themanini za mtu mzima. Kiwanja kinachosifiwa kwamba "maji yako mlangoni" aghlabu kimo ndani ya hatua hizo, na muuzaji hatakwambia. Atakuonyesha machweo ya jua, ambayo kweli ni mazuri. Siku ya kubomolewa muuzaji hayupo.

Sasa niingie katika jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko nyumba, nalo ni kichocho. Msiseme twakijua. Kichocho tunachokijua Unguja na Pemba ni cha mkojo: mtoto hukojoa damu, mama huona, humpeleka hospitali. Kichocho cha ukanda wa ziwa ni kingine, ni cha matumbo. Mtoto hakojoi damu. Huumwa tumbo, huharisha mara kwa mara, pengine na damu kidogo chooni ambayo hakuna aitazamaye, na miaka ikipita ini na wengu huvimba. Wako wanaofikia kutapika damu wakiwa watu wazima. Mama wa Pemba anayengoja kuona mkojo mwekundu atangoja bure huku mtoto anaharibika.

Vichocho vyote viwili hupitia konokono wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi. Mgonjwa hujisaidia majini au kando yake, mayai huanguliwa majini, vijidudu vyake huingia kwa konokono, hukua, kisha hutoka vikiogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Havihitaji kidonda wala kunywewa. Kusimama tu na maji ya magoti kwatosha. Basi tazameni tofauti: huku kwetu hatari iko mitoni na mabwawani, na bahari ina chumvi ambayo konokono hao hawaiwezi. Mtoto wetu hukaa baharini kutwa, akaokota chaza, akaogelea, akarudi jioni na njaa tu. Mtoto huyo huyo akihamishiwa nyumba iliyo mlangoni mwa ziwa atafanya yale yale aliyoyazoea, kwani nani atamkataza? Kwa macho yake ni pwani. Ndiyo maana nasema nyumba iliyo mbali kidogo na maji ni kinga kuliko makemeo ya mzazi. Dawa ipo, hugawiwa mashuleni na kutolewa hospitali, lakini anayerudi majini kesho hupata upya.

Malaria nayo isisahauliwe. Pemba imepungua sana tangu kampeni za vyandarua, dawa mpya na upuliziaji zilizoanza miaka ya 2003 hadi 2006, hata watoto wengi wa leo hawajaugua kabisa. Kanda ya Ziwa bado ipo kwa wingi. Mwili usioizoea hushikwa vikali. Chukueni vyandarua, na homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo.

Ikiwa si ufukoni, wapi basi? Nimewauliza wenzetu waliokwisha kukaa huko, na jina linalorudi mara nyingi ni Kiseke. Ni kata katika Manispaa ya Ilemela, ambayo pamoja na Jiji la Mwanza hufanya mji wenyewe. Haipo ukingoni mwa maji. Iko nyuma kidogo, penye miinuko, na imepitiwa na barabara ya Sabasaba hadi Buswelu. Sehemu zake kubwa ni viwanja vilivyopimwa, na ziko nyumba zilizojengwa na uliokuwa mfuko wa pensheni wa PPF, ambazo mpaka leo watu huziita kwa jina hilo ingawa mfuko wenyewe uliunganishwa na mingine mwaka 2018. Mwenye biashara ya samaki wakavu au dagaa hushuka asubuhi kwenda mwaloni Kirumba, akarudi jioni kwa daladala. Kazi iko majini, watoto wako juu. Hilo ndilo linalonipendeza.

Sisemi Kiseke ni pepo. Mwanza ni mji wa mawe, na mawe hayo si mapambo. Mwenye bahati mbaya huchimba msingi akakuta jabali, na shimo la choo likawa ghali kuliko ukuta. Mpelekeni fundi akachomeke mtalimbo kiwanjani kabla ya fedha kutoka. Pili ni maji. Yachekesha kidogo kwamba mji ulio kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika uwe na mitaa inayongoja maji kwa mgao, lakini maji hayapandi mlima yenyewe; yataka pampu, umeme na mabomba. Waulizeni majirani, si muuzaji, maji huja siku ngapi katika wiki, na hesabuni tangi la mvua kuwa sehemu ya nyumba.

Wako wanaovutwa na Ukerewe kwa kuwa ni kisiwa, na wengine na mialo ya Igombe na Kayenze. Kwa mvuvi au mnunuzi wa dagaa asiye na familia, sawa. Kwa mwenye watoto wa shule na mzee wa kupeleka hospitali, kisiwa maana yake ni kivuko, na kivuko hatuhitaji kufundishwa sisi tuliozika watu wa Spice Islander mwaka 2011. Ziwa lina yake: MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018, kila kimoja na mamia ya roho.

Kuhusu kununua. Bara ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, na anachonunua mtu ni haki ya kuikalia kwa muda, aghlabu miaka 33, 66 au 99. Kiwanja kilichopimwa kina namba yake na herufi ya kitalu. Chukueni namba hizo, nendeni wenyewe ofisi ya ardhi ya manispaa mkaulize ni kwa jina la nani na kodi ya ardhi imelipwa mpaka lini. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, si hati. Mwanachama mmoja alilipia kiwanja kimoja kwa mtu wa pili aliyeuziwa, na wote wawili wana karatasi zenye mihuri. Kesi yao ingalipo.

Nabakia na shamba. Katika barua zilizofika, wanne wamesema watauza mikarafuu ili wanunue kiwanja. Nawaomba wangoje. Kwanza, shamba la urithi ni la warithi wote, na mmoja akiuza fungu la dada zake amejitafutia daawa isiyokwisha. Na eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zina masharti yake, hazichukuliwi sokoni kama mbuzi. Pili, mkarafuu hukaa kiasi cha miaka sita hadi minane kabla ya kuchumwa mara ya kwanza, ukisha kuzaa humtunza mtu na mjukuu wake. Duka la Mwanza laweza kufungwa kwa mwezi mmoja. Aliyeuza shamba akafungiwa duka hana pa kurudi, na nauli ya kumrudisha yeye na watu saba ataitoa wapi? Toka Dar es Salaam mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, bado hujapanda boti.

Lakini shamba lisilo na mtu nalo haliingizi kitu. Tumba lisipochumwa kwa wakati, ua likafunguka, thamani yake imekwenda, na wachumaji hawamngoji mwenye shamba aliye Kiseke anayepiga simu. Anayehama lazima aache wakala: mtu mmoja, kwa jina, kwa maandishi, mwenye idhini ya kuajiri wachumaji, kuwalipa kwa pishi, kuanika na kupeleka karafuu kituoni, na iandikwe pia fedha zitapokelewa na nani. Ndugu wakiachwa "wataelewana wenyewe" hawaelewani.

Mpango unaofaa, kwa rai yangu, ni mtu mmoja wa nyumba kutangulia baada ya mavuno. Apange vyumba Kiseke au jirani yake, akijua kwamba wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita mbele, na akae masika nzima, Machi hadi Mei, aone maji ya mvua yanapita wapi na barabara zipi hukatika. Aende shuleni amwulize mwalimu mkuu watoto wataingia darasa gani, kwani elimu ya msingi Zanzibar ni miaka sita na Bara mfumo wa miaka saba ndio kwanza unaondolewa kwa sera ya 2023. Aulize na chuo kilicho karibu. Achukue koti, maana usiku wa Juni na Julai kule si wa huku. Kiwanja kinunuliwe baada ya hayo, na watoto wafuate Januari shule zinapofunguliwa.

Karatasi za uwakala wa shamba zinapatikana ofisini na kwa makatibu wa matawi bila ya malipo. Zinatakiwa sahihi ya mwenye shamba, ya wakala, na ya mashahidi wawili ambao si warithi wa shamba hilo. Zirudishwe kabla ya wachumaji kuanza kuandikwa.