Je, Wajua? Askari mwenye penseli na Divisheni ya Kwanza ya Marine

Marine ni tawi la majeshi ya Marekani linalosafiri kwa manowari na kushuka pwani kupigana nchi kavu. Divisheni yake ya Kwanza imepita Pasifiki, Korea, Vietnam, Ghuba na hata Somalia. Mtu aliyeieleza vizuri kuliko wote hakuwa jenerali. Alikuwa mpiga mota (mzinga mdogo wa askari wa miguu) wa cheo cha chini, aitwaye Eugene Sledge. Haya hapa mambo yake na ya divisheni yake, moja baada ya jingine.

MWANZO

1. Je, wajua kwamba divisheni hii ilizaliwa baharini? Ilianzishwa rasmi tarehe 1 Februari 1941 ndani ya manowari USS Texas, katika maji ya Karibi.

2. Nguzo zake ni rejimenti tatu za askari wa miguu, yaani ya 1, ya 5 na ya 7, pamoja na Rejimenti ya 11 ya mizinga. Rejimenti ya 5 ina umri mkubwa kuliko divisheni yenyewe: ilipigana Belleau Wood, Ufaransa, Juni 1918.

3. Kamanda wa divisheni, Jenerali Alexander Vandegrift, alitarajia kwamba askari wake hawangepigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kabla ya mwaka 1943. Tarehe 7 Agosti 1942 walikuwa tayari wanashuka Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon.

4. Safari hiyo ilianza kwa mkosi wa mvua. Katika bandari ya Wellington, New Zealand, Marine walifanya wenyewe kazi ya makuli, wakipanga upya shehena za meli usiku na mchana. Maboksi ya karatasi yalilowa na kupasuka, vyakula vikamwagika gatini.

GUADALCANAL

5. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti, Wajapani walizamisha meli kubwa nne za Marekani na Australia karibu na kisiwa cha Savo. Meli za mizigo zikaondoka kabla hazijamaliza kushusha shehena. Marine waliobaki kisiwani wakala milo miwili kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula hicho ilikuwa mchele wa Wajapani uliotekwa.

6. Hata uwanja wa ndege waliumalizia kwa mashine walizoteka kwa adui. Waliuita Henderson, jina la rubani wa Marine aliyeuawa katika mapigano ya Midway. Waliteka pia kiwanda cha barafu, wakakibandika kibao cha mzaha kutangaza kwamba sasa kina uongozi mpya.

7. Je, unamfahamu Jacob Vouza? Alikuwa polisi mstaafu, mwenyeji wa Guadalcanal, aliyejitolea kuwa mpelelezi wa Marine. Agosti 1942 Wajapani walimkamata, wakamfunga kwenye mti na kumchoma kwa singe, lakini hakutoa siri. Wakamwacha wakidhani amekufa. Alijifungua kamba, akatambaa hadi kwa Marine na kuwaonya kwamba shambulio linakuja. Alipona, na mwaka 1979 Uingereza ikampa cheo cha Sir.

8. Malaria iliwalaza askari wengi zaidi kuliko risasi. Divisheni ilipoondolewa kisiwani Desemba 1942, wapo waliokosa nguvu hata za kupanda nyavu za kuingilia melini.

9. Guadalcanal ndiko Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walikotumia kwa mara ya kwanza vitani mafumbo ya redio yaliyotungwa kwa lugha yao. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana 29. Siri hiyo ilifichwa hadi mwaka 1968.

10. Sajini John Basilone alishika rashasha usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Oktoba 1942, akawazuia Wajapani waliokuja wimbi baada ya wimbi. Alipewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya Marekani, akarudishwa nyumbani kuhamasisha watu wanunue hati za dhamana za vita. Angeweza kukaa huko. Akaomba kurudi vitani, na akauawa Iwo Jima siku ya kwanza, 19 Februari 1945, akiwa katika divisheni nyingine.

11. Kwa mapumziko walipelekwa Melbourne, Australia. Rejimenti ya 1 ililala ndani ya uwanja maarufu wa kriketi wa mji huo. Urafiki uliozaliwa huko haujafutika: hadi leo divisheni hupiga gwaride kwa wimbo wa Waaustralia, Waltzing Matilda, na nembo yake ina nyota za Msalaba wa Kusini.

12. Huko huko walijitengenezea nishani ya utani. Upande mmoja unaonyesha mkono ukimdondoshea Marine kiazi cha moto. Ndivyo walivyoliona jeshi la majini: lilianzisha kazi, likawaachia wao.

KIJANA WA ALABAMA

13. Eugene Sledge alizaliwa Mobile, Alabama, tarehe 4 Novemba 1923, mtoto wa daktari. Jeshi lilimpeleka chuo ili awe ofisa. Yeye na wenzake wengi waliogopa kwamba vita vingeisha wakiwa darasani, basi wakafeli mitihani makusudi wapelekwe kuwa askari wa kawaida.

14. Alipangiwa mota ya milimita 60 katika Kombania K, Batalioni ya 3, Rejimenti ya 5. Kambi yao ilikuwa kisiwa cha Pavuvu: minazi isiyotunzwa, nazi zilizooza, matope, panya, na kaa wa nchi kavu walioingia ndani ya viatu usiku. Asubuhi hakuna aliyevaa buti bila kulikung'uta kwanza.

15. Septemba 1944 walipewa kazi ya kuteka Peleliu, kisiwa cha matumbawe chenye eneo la kilomita za mraba 13 hivi. Jenerali William Rupertus, aliyekuwa akiiongoza divisheni wakati huo, alitabiri kwamba shughuli ingekwisha kwa siku tatu, labda mbili. Walishuka tarehe 15 Septemba. Mapigano yaliisha tarehe 27 Novemba.

16. Kwa nini alikosea? Kanali Kunio Nakagawa wa Japani hakutaka askari wake watoke mbio na kufa pwani kama ilivyozoeleka. Aliwaingiza katika mamia ya mapango ndani ya vilima vya Umurbrogol, kila pango likililinda jingine. Marine walipanda miamba mikali wakipigwa risasi kutoka pande wasizoziona. Rejimenti ya 1 ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake, waliouawa na waliojeruhiwa, katika muda wa wiki moja hivi.

17. Joto lilifika nyuzi 46 za Selsiasi, na kisiwa hakikuwa na mto. Maji yaliletwa katika mapipa yaliyowahi kubeba mafuta na hayakuoshwa vizuri. Waliokunywa walitapika. Waliokataa walianguka kwa kiu.

18. Siku mbili kabla ya kushuka, Admirali William Halsey alishauri vita vya Peleliu vifutwe, maana kisiwa hicho hakikuwa na ulazima tena. Admirali Chester Nimitz akaamua mpango uendelee, kwa kuwa meli zilikuwa zimeshakaribia. Divisheni ilipata hasara ya zaidi ya watu 6,500, waliouawa na waliojeruhiwa. Wanahistoria bado wanabishana kama ilistahili.

19. Marine weusi walikuwapo Peleliu pia. Wakati huo walitengwa katika vikosi vyao vya kubeba risasi na kupakua meli, baada ya mafunzo yao peke yao huko Montford Point, North Carolina. Mapigano yalipopamba moto, watu wa Kombania ya 7 ya Risasi na Kombania ya 11 ya Bohari walipanda hadi mstari wa mbele, wakateremsha majeruhi mabegani. Rupertus aliwaandikia barua ya kuwapongeza.

20. Je, wajua kwamba miezi hiyo hiyo askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakipambana na Wajapani hao hao upande wa Burma? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope, na mwanzoni mwa Desemba 1944 ikaufikia mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika vikosi vya KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki.

21. Askari walikatazwa kuandika shajara, zisije zikaangukia mikononi mwa adui. Sledge aliandika hata hivyo, kwa penseli, akificha maandishi yake ndani ya Agano Jipya la mfukoni. Ofisa aliyemwona akichorachora aliweza kudhani ni kijana anayesoma Neno.

22. Kombania K iliingia Peleliu na watu 235. Waliotoka bila jeraha walikuwa 85. Miongoni mwa waliouawa ni kamanda wao aliyependwa mno, Kapteni Andrew Haldane, tarehe 12 Oktoba.

23. Askari 34 wa Japani waliendelea kujificha katika mapango ya Peleliu, wasijue au wasiamini kwamba vita vimekwisha. Walijisalimisha Aprili 1947.

24. Baada ya Peleliu ikaja Okinawa, kisiwa cha Japani, kuanzia 1 Aprili 1945. Sledge alikaa wiki kadhaa katika matope pamoja na maiti ambazo hakuna aliyepata nafasi ya kuzizika. Vita vilipokwisha hakurudi nyumbani moja kwa moja. Divisheni ilipelekwa kaskazini mwa China kusimamia kurejeshwa kwa Wajapani nchini kwao.

KOREA

25. Desemba 1950, katika Vita vya Korea, kwenye bwawa la Chosin, adui wa pili baada ya Wachina alikuwa baridi. Usiku kipimajoto kilishuka hadi karibu nyuzi 35 chini ya sifuri. Damu ya akiba iliganda kwenye chupa. Matabibu waliweka vichupa vya mofini mdomoni visigande.

26. Wachina walizingira eneo zima na kulipua daraja kwenye njia pekee ya kushukia baharini. Ndege zikaangusha kwa miavuli vipande vinane vya daraja la chuma, kila kimoja na uzito wa zaidi ya tani moja. Kimoja kiliangukia mikononi mwa Wachina na kingine kikaharibika. Vilivyosalia vilitosha, na msafara ukavuka pamoja na magari yake.

27. Sajini mmoja wa divisheni hii alikuwa farasi. Jike huyo aliitwa Reckless. Alinunuliwa Seoul mwaka 1952 kwa dola 250. Machi 1953, katika mapigano ya kituo kilichoitwa Vegas, alipanda na kushuka mlima mara 51 kwa siku moja akibeba risasi za mizinga, mara nyingi bila mtu wa kumwongoza. Alijeruhiwa mara mbili. Mwaka 1959 alipandishwa cheo kwa gwaride rasmi.

MIAKA YA KARIBUNI

28. Makao makuu ya divisheni yalihamia Vietnam mwaka 1966, na mwaka 1968 watu wake walipigania mji wa Hue nyumba kwa nyumba. Mwaka 1991 waliingia Kuwait chini ya moshi wa visima vya mafuta uliougeuza mchana kuwa usiku. Mwaka 2003, chini ya Jenerali James Mattis, walifika Baghdad, na gari lao ndilo lililoivuta chini sanamu ya Saddam Hussein katika uwanja wa Firdos.

29. Tarehe 9 Desemba 1942 Vandegrift alikabidhi Guadalcanal kwa jeshi la nchi kavu. Miaka 50 baadaye, siku ile ile, Marine walishuka pwani ya Mogadishu usiku na kukuta kamera za televisheni zinawasubiri mchangani. Baada yao vikafuata vikosi vya Divisheni ya Kwanza, ikiwamo Rejimenti ya 7, kulinda misafara ya chakula. Tangu Agosti 1992 ndege za Marekani zilikuwa zikiwapelekea Wasomali chakula kutoka Mombasa.

NA SLEDGE JE?

30. Aliporudi Alabama aliacha uwindaji alioupenda tangu utotoni. Hakuweza tena kumlenga kiumbe hai. Alisomea biolojia hadi shahada ya udaktari, akafundisha chuo kikuu huko Montevallo hadi alipostaafu. Usiku ndoto mbaya hazikumwacha.

31. Kitabu chake, With the Old Breed, kilitoka mwaka 1981, miaka 36 baada ya vita. Jina hilo linatokana na lile la utani la divisheni, Old Breed, yaani watu wa mbegu ya zamani. Mwanzoni alikuwa akiiandikia familia yake tu. Leo kinasomwa na maofisa wa jeshi na wanahistoria, na mwaka 2010 kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyozaa tamthilia ya televisheni The Pacific. Mwenyewe hakuiona. Alifariki Machi 2001.

32. Kwa nini kinadumu? Kwa sababu taarifa rasmi za jeshi zinasema kilima kipi kilitekwa na saa ngapi. Sledge anasema miguu ilinuka vipi, nani alilia usiku, na jinsi kijana mwenye adabu anavyoweza kufika mahali pa kung'oa meno ya dhahabu kwa maiti. Hakuwatukana wenzake, wala hakuwasafisha.

Kwetu, askari wengi wa Burma wamekwisha kuzikwa na habari zao. Waliopigana Kagera mwaka 1978 na 1979 bado wapo, wengine mtaani kwako, wengine nyumbani kwako. Ukikaa na mzee wa namna hiyo, usianze kwa kumuuliza aliua wangapi. Mwamkie, kisha muulize walikula nini, walilala wapi, na rafiki yake aliitwa nani. Halafu andika kabla hujalala.