Mwenye Mali na Mwenye Haja

Katika miaka yangu ya kusomesha Kiingereza, hapana kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko la mwanafunzi amwambiaye mwenziwe "borrow me your pen", ilhali anataka kupewa kalamu. Na aghalabu hujitetea kwamba "borrow" na "lend" ni jambo moja, basi litumikalo lolote halidhuru. Ladhuru sana, kwani "lend" ni tendo la mwenye mali, atoaye kitu chake kwa sharti kirudi, na "borrow" ni tendo la mwenye haja, akipokeaye. Hata asili zao ni mbalimbali: "borrow" ina nasaba na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya dhamana, na "lend" ni ndugu wa "loan", yaani mkopo.

Kosa hili lina mlango wake katika Kiswahili, ambamo kuazima hubeba pande zote mbili: "niazime kisu" huambiwa mwenye kisu, na "nimeazima kisu kwa jirani" husema aliyekichukua. Wako wanaodai kwa sababu hiyo kwamba lugha yetu ni fukara, na dai hilo ni la mtu asiyepata kuchungulia jikoni kwao.

Mama humtuma mtoto kwa jirani alete mbuzi na kibaba cha sukari. Mbuzi ikiisha kukuna nazi hukung'utwa chicha ikarudishwa yenyewe, na meno yake yaleyale. Ama sukari imekwisha kunywewa katika chai, na irudiyo ni nyingine ya kipimo kilekile. Mbuzi imeazimwa, sukari imekopwa. Na tofauti hiyo ndiyo waionayo mafakihi baina ya ariya, ambayo hurudi kitu chenyewe, na karadha, ambayo hurudi mfano wake. Mwingereza hapo hana ila "borrow" moja kwa vyote viwili. Yeye amepambanua watu, sisi tumepambanua vitu.

Basi asemaye Kiingereza na ajiulize kwanza mali ni ya nani. Jirani aliyetoa, kitendo chake ni "lend". Mtoto arudiye na mbuzi mkono huu na kibaba mkono huu, chake ni "borrow" kwa mikono yote miwili, ijapokuwa kwa Kiswahili mkono mmoja umeazima na wa pili umekopa.