Uhakika wa Mungu si uhakika wa mhubiri

Mkristo anaposema "nina hakika" mara nyingi anasema mambo mawili kwa pumzi moja bila kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba Mungu ni mwaminifu na Kristo alifufuka. La pili ni kwamba yeye mwenyewe ameelewa barabara Mungu anataka nini, lini, na kwa nani. La kwanza ndiyo imani yenyewe, na kanisa likiliacha halina tena la kuhubiri. La pili ni kazi ya akili ya binadamu, akili inayochoka, inayopenda sifa na inayokosea hesabu. Kwa hiyo swali la kawaida, kwamba Mkristo awe na ujasiri kiasi gani na unyenyekevu kiasi gani, naona limeulizwa vibaya. Ujasiri wote ni wa lile la kwanza, na tahadhari yote ni ya lile la pili. Balaa huja pale uzito wa lile la kwanza unapohamishiwa kimyakimya kwenye la pili.

Kisa cha William Miller kinauonyesha uhamisho huo hatua kwa hatua. Alizaliwa Marekani mwaka 1782, akawa mkulima katika jimbo la New York, na muumini wa Kibaptisti. Kuanzia 1816 alijifungia na Biblia na itifaki yake, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, kwa takriban miaka miwili, akaganda kwenye Danieli 8:14, penye siku 2,300. Akazichukua siku kuwa miaka, akaanza kuhesabu kutoka mwaka 457 kabla ya Kristo, akaangukia 1843: ndipo Yesu angerudi. Wanaomcheka leo husahau jinsi alivyokuwa mwangalifu. Alikaa na jibu hilo zaidi ya miaka kumi, akilipima na kujipinga mwenyewe, kabla ya kuanza kulihubiri hadharani mwaka 1831. Hata hapo hakutaja siku wala mwezi.

Lakini umati hauridhiki na makadirio. Kadiri wasikilizaji walivyoongezeka ndivyo walivyodai tarehe, na Miller akakubali kuweka mipaka: kati ya 21 Machi 1843 na 21 Machi 1844. Muda ukapita. Ikaonekana pia kwamba hesabu yenyewe ilikuwa na tundu, kwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada yake, hivyo mwenye kutoa 457 kwenye 2,300 anapungukiwa mwaka mzima. Ungedhani kosa la namna hiyo, la darasa la hesabu, lingewatia watu breki. Wapi! Agosti 1844, kwenye mkutano wa kambi huko Exeter, New Hampshire, Samuel Snow alitangaza siku kamili: 22 Oktoba. Wapo wakulima walioacha viazi ardhini bila kuvuna. Miller mwenyewe alisita hadi mwanzoni mwa Oktoba, ndipo akajiunga na wenzake. Siku ikaja, ikaisha. Ukitazama miaka ile kumi na mitatu utaona kwamba msingi wa hoja ulibaki karibu uleule, mistari michache ya Danieli. Kilichokua ni umati, magazeti na mikutano. Uhakika uliongezwa na idadi ya walioamini, na mwenye hoja alikuwa miongoni mwa wa mwisho kushawishika na tarehe.

Paulo alikuwa na nidhamu tofauti, na ushahidi uko katika 1 Wakorintho sura ya 7. Akizungumzia ndoa, anatenga waziwazi agizo alilolipokea kwa Bwana na neno analolisema yeye. Akifika kwa wasioolewa anakiri kuwa hana amri ya Bwana, anatoa shauri tu. Huyu ni mtume, mwenye kila sababu ya kujaza mamlaka ya mbinguni katika kila sentensi, naye anaweka alama pale mamlaka hayo yanapokoma. Wahubiri wangapi wetu wanafanya hivyo Jumapili? Sura nane mbele, akizungumzia ufufuo, sauti inabadilika kabisa: hatoi shauri, hasiti, anataja waliomwona Kristo, wakiwamo zaidi ya mia tano kwa mara moja, na anaongeza kwamba wengi wao bado wako hai. Yaani hata pale anapokuwa na hakika kamili, anampa msikilizaji mahali pa kwenda kuuliza.

Walokole wataleta pingamizi, na lina uzito: Yakobo anasema mwenye shaka ni kama wimbi la bahari, asitazamie kupokea kitu kwa Bwana. Je, kupima si kutia shaka? Yakobo, hata hivyo, anazungumzia mtu anayemwomba Mungu hekima, moyo wake ukiwa nusunusu. Hazungumzii mtu anayemsikiliza mchungaji. Kwa msikilizaji, Agano Jipya linaagiza kinyume: Waberoya wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama maneno ya Paulo ni kweli, na Wakorintho wanaambiwa manabii wawili au watatu wanene, wengine wapime. Kupima kulikuwa sehemu ya ibada ileile iliyoruhusu unabii.

Pingamizi jingine nalikubali kwa sehemu. Tahadhari inaweza kuwa blanketi la imani iliyopoa. Wapo wasomi ambao kila kitu kwao "kinahitaji utafiti zaidi" mpaka mgonjwa anakufa bila kuombewa. Dawa yake ni kutenganisha, kama Paulo. Mwombee mgonjwa kwa imani yote, wala usimwambie kwamba Bwana amekuonyesha aache dawa.

Kuipuuza tofauti hii kuna gharama inayohesabika kwa roho za watu. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi lililojitenga walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwishoni mwa 1999. Haikwisha, na hawakupunguza sauti. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi waliteketea ndani ya jengo la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wengi wakiwa wamefunga hadi kufa kwa kuamini wangekutana na Yesu. Miller, tarehe zake zilipopita, alikiri waziwazi kwamba amekosea, akaendelea kumngoja Bwana bila kalenda hadi alipofariki mwaka 1849. Hesabu yake ilianguka, imani yake ikabaki, kwa sababu hatimaye aliweza kuzitenganisha.

Kanisa la mwanzo halikuliacha jambo hili kwenye nia njema peke yake. Didake, kijitabu cha mafundisho cha Wakristo wa kale kilichogunduliwa upya mwaka 1873, kinawaambia waumini wampokee mtume anayewajia kama wangempokea Bwana, lakini akikaa siku tatu, au akiomba fedha, basi ni nabii wa uongo. Waandishi wake hawakuota kwamba siku moja namba ya kutuma sadaka ingepita chini ya skrini wakati unabii ukiendelea, ila kanuni yao haihitaji kubadilishwa neno.