Yai Lililoniumbua: Kwa Nini Punje Nusu Inazama Kwenye Maji Matupu

Wengi mnaandaa vitalu sasa hivi, kwa hiyo leo tuongee kuhusu kuchambua mbegu ya mpunga kwa maji ya chumvi. Najua kuna watakaosema, "Aah, hiyo tunaijua. Unatia yai, likielea unamwaga mbegu." Hata mimi niliijua hivyo hivyo, mpaka siku iliponiumbua.

Nilienda kwa kijana mmoja nje kidogo ya mji wa Ifakara. Alikuwa amekodi ekari mbili, na mbegu yake ya SARO 5 aliitunza mwenyewe kutoka mavuno yaliyopita. Tukachukua ndoo ya maji, chumvi, na yai alilolitoa jikoni. Chumvi haijafika hata nusu ya ile tuliyopima, yai likaja juu. Tukafurahi, tumeokoa hela ya chumvi! Tukamwaga mbegu, mapepe yakaelea, tukayatoa. Nikaondoka nikijua kazi imekwisha.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. "Bwana shamba, njoo uone kitalu. Miche mingine imesimama vizuri, mingine kama inaumwa. Na mbegu si tulichambua wote?"

Nilipofika, ilikuwa kweli tupu. Nikauliza habari za lile yai. Mama yake akacheka: "Hilo? Hilo lilikuwa la zamani, nilishalitenga nilitupe." Hapo nikajua kosa ni langu. Sikulipima yai kabla ya kulitumia.

Maji yanaangalia kitu kizima

Wengi mmewahi kuvuka Mto Kilombero pale Kivukoni kwa pantoni, kabla daraja halijajengwa. Pantoni ni chuma, na kipande cha chuma ukikitupa mtoni kinazama hapo hapo. Mbona pantoni inaelea na magari juu yake? Kwa sababu ndani ya tumbo lake kuna nafasi kubwa ya hewa. Maji hayaulizi sehemu gani ni nzito na ipi ni nyepesi. Yanapima uzito wote wa kitu kwa kulinganisha na nafasi yote ambayo kitu hicho kinachukua.

Lita moja ya maji ya kawaida ina uzito wa kilo 1. Kitu ambacho kwa kila lita ya ukubwa wake kina chini ya kilo 1 kitaelea, na chenye zaidi ya hapo kitazama. Ukichanganya chuma na hewa, kinachohesabiwa ni wastani wa vyote viwili.

Sasa ule uzito usiolingana ndani ya kitu una kazi gani? Unaamua kitu kitakaaje majini. Pakia mizigo yote upande mmoja wa mtumbwi, utalala upande huo hata kama uzito wote ungebebeka vizuri ukipangwa katikati.

Yai nalo ni hivyo hivyo. Kwenye ncha yake butu kuna mfuko mdogo wa hewa. Likiwa bichi la jana au juzi, mfuko huo ni mdogo sana, na ukilitia kwenye maji matupu linalala chini kwa ubavu. Kadiri siku zinavyopita, unyevu unatoka kupitia ganda na hewa inachukua nafasi yake. Ukubwa wa yai haubadiliki, ila uzito unapungua. Yai la wiki kadhaa linabaki chini lakini linasimama, ncha butu juu. Likichakaa zaidi linaelea kabisa, tena kwenye maji yasiyo na chumvi hata punje moja.

Lile yai letu lilikuwa karibu na hali hiyo. Chumvi kidogo tu ilitosha kulinyanyua, sisi tukadhani maji yameiva.

Punje ya mpunga na hewa iliyojificha

Chukua punje moja, imenye. Utakuta ganda na kiini. Punje iliyojaa, kiini kimelijaza ganda na hewa iliyobaki ni kidogo. Pepe ni ganda na hewa tu, ndiyo maana linaelea hata kwenye maji ya kisima. Mapepe hayana shida, hata ungo unayatoa.

Anayetusumbua ni yule wa katikati, punje iliyojaa nusu. Pengine mpunga ulikosa maji wakati wa kujaza punje, au funza wa mabua alishambulia. Ganda lina ukubwa ule ule wa wenzake, lakini ndani kiini ni chembamba na pembeni kuna hewa. Ukipiga wastani, punje hii ni nzito kidogo kuliko maji matupu. Kwa hiyo inazama pamoja na nzima, na wewe unaipeleka kitaluni. Itaota, ndiyo, lakini chakula alichobebewa mche ni kidogo, na mche unaanza maisha na njaa.

Ndipo chumvi inapoingia. Chumvi haiigusi punje, inayaongezea maji uzito. Maji ya chumvi yanayoelesha yai bichi yana uzito wa kama kilo 1.08 kwa lita. Umepandisha mtihani: punje nusu iliyofaulu kwenye maji matupu sasa inafeli na kuja juu. Sisi siku ile tulipandisha mtihani nusu tu.

Kama unamwaga mbegu nyingi kwa mkono unaweza kusema, "Si neno, nyingine zitajazia." Kwa kilimo shadidi hilo halipo. Ukipanda mche mmoja kwa shimo, sentimita 25 kwa 25, ekari moja ina mashimo kama 64,000, na mbegu unayotumia ni kilo 3 hivi tu. Kila mche dhaifu ni shimo ambalo umelipalilia, umelitilia mbolea, na halitakulipa sawasawa. Yule kijana alilazimika kusia kitalu cha pili, na siku zilizopotea hazikurudi.

Fanya hivi

1. Pima yai kwanza kwenye maji matupu. Likilala kwa ubavu, litumie. Likisimama au kuelea, tafuta jingine.

2. Kwenye maji lita 10 anza na chumvi kilo 1. Koroga mpaka iyeyuke yote, maana chumvi iliyokaa chini ya ndoo haijafanya kazi. Ongeza kidogo kidogo mpaka yai lielee na kuonyesha juu sehemu yenye ukubwa wa sarafu. Mara nyingi utafika kati ya kilo 1 na robo na kilo 1 na nusu.

3. Toa yai, mimina mbegu kiasi, koroga vizuri. Usiruke hatua hii. Ganda la mpunga lina vinyweleo vinavyoshika viputo vya hewa, na punje nzima inaweza kuelea kwa sababu ya viputo tu.

4. Toa zinazoelea ndani ya dakika chache. Usiziache mbegu humo muda mrefu, zitaanza kunywa maji na kipimo kitaharibika.

5. Pasua kwa ukucha punje kama 10 kati ya zilizoelea. Ukikuta nyingi zimejaa vizuri, maji yamezidi chumvi kwa mbegu yako, ongeza maji kidogo. Aina zetu za asili hazifanani na SARO 5 kwa umbo, kwa hiyo usikariri.

6. Suuza zilizozama kwa maji safi mara mbili au tatu, kisha endelea kuloweka na kuvundika kama kawaida. Chumvi ikibaki inaumiza mche. Maji ya chumvi yatumie kwa mafungu mengine ukiyapima kwa yai kila mara, na ukimaliza usiyamwage kitaluni wala kwenye jaruba.

Angalizo: mbegu iliyothibitishwa na kupakwa dawa usiitie kwenye chumvi. Utaosha dawa uliyoilipia, na zile zitakazoelea ni sumu kwa kuku wako.

Mtihani huu hauoni kila kitu

Maji yanapima uzito, hayapimi uhai. Mbegu iliyokaa miaka ghalani inaweza kuwa imejaa na imekufa. Mpunga mwitu uliojaa utazama pamoja na mpunga wako, huo unautoa kwa macho. Wala usitegemee chumvi ikuzuie kimyanga; ugonjwa ule unautafutia dawa kwenye usafi wa shamba na kuchagua aina.

Kwa hiyo baada ya kuchambua, hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, fungua baada ya siku kadhaa. Zikiota 80 na zaidi, sia. Zikiwa chini ya hapo, tafuta mbegu nyingine mapema kabla mvua hazijakukimbia.

Yule kijana siku hizi akiniona nimeshika yai ananiuliza, "Bwana shamba, hilo umelipima?" Nami namwonyesha ndoo ya maji matupu, yai limelala chini kwa ubavu. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Tukutane shambani.